Misumari Mitano Nyuma ya Mlango

Nyuma ya mlango wa nyumba yetu kule Katumba kulikuwa na misumari mitano, na kwenye kila msumari kilining'inia kifurushi. Wageni walidhani ni nguo za kanisani. Mama yangu, Verdiana, aliwaacha wadhani hivyo, kwa sababu hakupenda kuulizwa maswali, na zaidi ya hapo hakupenda kuchekwa.

Kifurushi cha baba kilikuwa na jembe lisilo na mpini, panga na kamba. Cha mama kilikuwa na sufuria, chumvi iliyofungwa kwenye nailoni, kiberiti ndani ya kopo la dawa, na vyeti vyetu vya ubatizo. Wadogo zangu mapacha, Bukuru na Butoyi, waligawana blanketi na kidumu cha maji, na kidumu hicho kilikuwa na maji kweli, yanayobadilishwa kila Jumamosi. Changu mimi, Christina, mtoto wa kwanza, kilikuwa cha mbegu za maharage. Mbegu hizo hazikuliwa hata tulale njaa. Kila msimu tulizipanda, tukavuna, tukaweka mpya, maana mbegu ikikaa sana haioti.

"Chakula utaomba kwa watu, utapewa," mama aliniambia. "Mbegu hakuna wa kukupa."

Siku hizi nina watoto watatu, tunakaa Majengo, hapa Mpanda mjini. Kwenye mikutano ya wazazi shuleni tunaambiwa dunia inabadilika haraka, tuwaandae watoto, na wenzangu wanainama kuandika kwenye madaftari kana kwamba wamesikia jambo jipya. Mimi hucheka kimoyomoyo. Niliandaliwa mimi, tena na mtu aliyeifanya kazi hiyo asubuhi na jioni bila mapumziko. Kama aliniandaa vizuri au vibaya, hilo mpaka leo nabishana nalo, ndiyo maana naandika.

Mama alizaliwa Burundi, kusini, karibu na ziwa, kwa watu wenye michikichi mingi. Mwaka 1972 alikuwa na miaka kumi na miwili. Asubuhi moja watu walipita mbio mbele ya nyumba yao wakisema ondokeni, na wao wakaondoka, yeye na mama yake. Walipofika kwenye mgomba wa mwisho, bibi yangu akasimama. Alikuwa ameacha mlango wazi, na ndani kulikuwa na unga, na mbuzi wa jirani walikuwa na tabia mbaya. "Tangulia," akasema, "nafunga mlango nakuja." Mama akatangulia. Hakumwona tena mama yake, siku ile wala siku nyingine yoyote.

Alitusimulia mara moja tu, tukiwa tunachambua maharage, kwa sauti ileile anayotumia kueleza jinsi ya kuchambua maharage. Bukuru akauliza kama mbuzi walikula unga. Nilimkanyaga mguu. Mama akasema hajui, akaendelea na kazi. Mimi nililia jioni ile nyuma ya bani la kukaushia tumbaku, peke yangu, kwa ajili ya bibi ambaye hata sura yake sikuwahi kuiona.

Kutokana na asubuhi ile moja mama alitunga sheria zote za nyumba yetu kule Katumba, kwenye makazi ya wakimbizi wa Burundi. Watu wakiondoka, ondoka. Usiulize, maswali tutauliza tukifika. Usigeuke nyuma. Mlango uacheni wazi. Na tukitoka nyumbani wote watano kwa pamoja, popote pale, vifurushi vinatoka na sisi. Sheria hii ya mwisho ilitutesa kuliko zote. Kwa sababu yake, kanisani tulikwenda kwa zamu, wawili misa ya kwanza na watatu misa ya pili, na paroko alikuwa haelewi kama sisi ni familia moja au mbili.

Halafu kulikuwa na safari. Hivyo ndivyo alivyoiita. Wakati wowote ule, tukiwa tunafua, tunakula, tunagombana, mama angesema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Tugende," yaani twende kwa Kirundi chetu, na hapo kila mtu ashike kifurushi chake atoke kwa mlango wa uani. Tulipita shamba la tumbaku mpaka kwenye kichuguu kikubwa, tukalala chini, kimya. Mama alihesabu vichwa. Kisha tulirudi, aliyechelewa akaosha vyombo siku mbili. Barabarani hatukutoka hata siku moja na vifurushi vile. Hakutaka majirani wajue, akijua fika kwamba wangemcheka, au mbaya zaidi, wasingemcheka.

Niliichukia safari hiyo. Nasema wazi. Siku moja iliniangukia nikiwa nimesukwa nusu kichwa, nikalala kwenye kichuguu na nusu nyingine imesimama wima, na siafu wakaniingia. Nilimwambia mama kwamba mimi nimezaliwa Katumba, kwamba hapa hakuna anayetufukuza, kwamba wenzangu wanacheza rede na mimi nalala na siafu. Aliniondolea wadudu mmoja mmoja shingoni, taratibu, akasema, "Ndiyo. Hata sisi tulikuwa hatufukuzwi."

Lakini nisimwonee. Si hofu tu aliyotufundisha. Mapacha walijua kupika ugali wakiwa na miaka saba, wakati wavulana wengine wa rika lao walikuwa hawajui hata chumvi inakaa wapi. Mimi nilijua kutia mpini kwenye jembe na kuchonga mwiko. Tulihesabu hadi mia kwa Kirundi, kwa Kiswahili, na kwa Kifaransa kibovu alichokuwa nacho baba. Wasukuma walipoanza kupita na ng'ombe wao, mama alitupeleka kwenye njia yao tujifunze kuwasalimia. Tuliwaamkia "Mwangaluka" mpaka mzee mmoja wao, Manyanda, akatuzoea na kutuletea maziwa. "Ukijua kumsalimia mtu kwa lugha yake," mama alisema, "hawezi kukuacha nje mvua inyeshe." Hilo nimelifundisha wanangu, na halijaharibika.

Baba yangu, Fabiani, alikuwa mkulima wa tumbaku na mtu wa maneno machache. Yeye alikuwa na ugonjwa mmoja tu: michikichi. Rafiki yake alimletea miche mitatu kutoka Kigoma, naye akaja nayo nyumbani ameikumbatia. Mama akauliza huo mti unazaa baada ya muda gani. Baba akasema miaka minne, labda mitano. Mama akamwangalia kwa huruma. "Fabiani, mti haubebeki kichwani."

Basi miche ikabaki kwenye makopo yake nyuma ya jiko, msimu wa kwanza, msimu wa pili, mizizi ikatoboa makopo, baba akaihamishia kwenye ndoo mbovu. Aliimwagilia bila kusema kitu. Majirani walichoma matofali wakajenga nyumba za maana, wenye uwezo wakaezeka bati. Sisi tulibaki kwenye udongo na nyasi kwa sababu hiyohiyo. Nilikuwa naona aibu. Sasa nafikiria jinsi baba alivyokuwa akisimama pale na kopo la maji, mwanamume mzima akinywesha miti iliyokatazwa kukua, na naona aibu ya aina nyingine.

Kitu kimoja tu mama alikipenda ingawa kilihitaji miaka: shule. Huyu ndiye mtu aliyetukataza kupanda mti, lakini nilipotaka kukaa nyumbani siku ya mvua alinitoa na fimbo. Nilimuuliza kwa nini. Akasema, "Hesabu uliyoiweka kichwani haina uzito. Utakimbia nayo." Kijiji chetu kilikuwa na shule ya mpaka darasa la nne. Kuanzia la tano tulitembea kama saa moja kwenda shule ya kijiji kingine, ndani ya Katumba hiyohiyo, asubuhi na jioni. Nilikuwa mzuri wa hesabu. Mwalimu alikuwa amemwambia baba kwamba nikiandika kama ninavyoandika darasani, naweza kuchaguliwa sekondari, na katika kijiji chetu msichana aliyekwenda sekondari alikuwa bado hajapatikana. Nilitaka kuwa yeye. Nilitaka kitanda cha shule ya bweni, chenye msumari wa kutundikia nguo za kanisani kweli.

Basi ukaja mwaka 1996, mwaka wangu wa darasa la saba. Kule Burundi mambo yalikuwa yamechacha tena. Redio ilisema hivi asubuhi, jioni ikasema vile. Wakimbizi wapya walikuwa wanavuka kuingia Kigoma. Katumba ikajaa uvumi: tunarudishwa, tunahamishwa, vita inakuja huku. Watu wazima walikuwa wakisikia gari kwenye barabara wananyamaza kwanza mpaka lipite. Na kwa sababu mama hakuwa mtu wa kupiga soga, majirani walijenga imani kwamba Verdiana ana habari. Mama Evaline, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, ambaye alitoka kijiji kimoja na mama kule ziwani, alisema mbele yangu: "Nitajua mambo yameharibika siku nitakapoona mlango wa Verdiana uko wazi na ndani hamna mtu."

Mtihani ulikuwa siku mbili, mwezi wa tisa. Watoto wengine watatu wa kijiji chetu waliokuwa wanafanya mtihani walikuwa wamelala kwa ndugu zao karibu na shule. Sisi hatukuwa na ndugu huko. Jioni ya kuamkia mtihani mama akatangaza kwamba sitakwenda peke yangu siku kama hiyo, watanisindikiza wote.

"Wote?" baba akauliza.

"Wote."

Baba akaangalia nyuma ya mlango, akahesabu misumari kwa macho, akashusha pumzi. Sote tulijua maana yake.

Tukatoka alfajiri, mwanga ukiwa ndio unaanza. Mara ya kwanza maishani tulikuwa barabarani na vifurushi: baba mbele, mapacha, mimi, mama nyuma. Mlango tuliuacha wazi, moto hatukuwasha. Na ili kukamilisha mambo, mama alikuwa amenikataza kusalimia watu njiani. Aliamini kabisa kwamba nikifungua mdomo majibu yatanitoka. Kwa kuwa mimi sisalimii, yeye na wengine nao hawakusalimia, kunisaidia. Warundi tunasalimiana kwa kirefu, tunauliza ya watoto, ya ng'ombe, ya mgongo unaouma. Asubuhi ile tuliwapita watu wanafagia, wanapiga mswaki, wanachota maji, tukawapita kimyakimya, macho mbele, mwendo wa haraka. Mzee mmoja alituita mara mbili. Nilisikia ufagio wa mtu ukiacha kufagia. Sikugeuka nyuma, nilikuwa nimefundishwa.

Tulifika shuleni saa moja. Mama akanichukua kifurushi cha mbegu, akanishika kichwa kwa mikono yote miwili kama mtu anayepima tikiti, akasema, "Nenda." Wakakaa chini ya kibanda cha baiskeli za walimu, mbali kidogo na madarasa, maana haikuruhusiwa kusogea.

Msimamizi wetu alikuwa Mwalimu Telesphor, Mfipa mrefu mwenye sauti ya pole, aliyetoka shule nyingine. Saa mbili kamili akagawa karatasi za hesabu. Akatuambia masharti, la mwisho likiwa hili: "Atakayetoka kabla ya muda, harudi. Hata awe anaumwa, hata awe nani. Ukitoka, hurudi." Nikaandika namba yangu. Swali la kwanza nikalijua, la pili nikalijua. Nilikuwa kwenye la sita niliposikia miguu.

Haikuwa miguu ya watu wawili. Dirisha letu lilikuwa tundu tu kwenye ukuta, halina kioo, na nilikuwa nimekaa karibu nalo. Nikainua macho. Barabara nzima ilikuwa inakuja. Wanawake na magunia kichwani, wanaume na baiskeli zilizofungwa magodoro, bibi kizee ndani ya toroli, mbuzi, kuku ndani ya kapu, watoto wameshikana mikono. Hawakupiga kelele. Ukimya wao ndio ulionitisha. Mbele kabisa alikuwa Mama Evaline, kitenge kimefungwa upande, sufuria kichwani.

Sasa kumbuka kwamba mama yangu alikuwa amekaa pale anangoja mtihani wangu uishe. Akauona umati ule, majirani zake wote, wamebeba mizigo, wanakuja mbio kutoka upande wa nyumbani. Mtu mwingine angewaza. Mama alikuwa amejifundisha miaka ishirini na minne asiwaze. Nilimwona akisimama, akaweka sufuria kichwani, akamsukuma Butoyi mbele. Halafu akaja moja kwa moja kwenye dirisha letu. Mlinzi alijaribu kumzuia, akapitwa. Uso wake ulikuwa umetulia kabisa.

"Christina," akasema. "Tugende."

Nikasimama. Sikuamua kusimama, miguu ilifanya yenyewe, kwa mazoezi yote yale ya kichuguu. Nyuma yangu dawati likaanguka, msichana mwingine naye amesimama, mama yake alikuwa kwenye dirisha la pili anamwita. Darasa zima likawa nusu wamekaa nusu wamesimama. Mwalimu Telesphor hakufoka. Alikwenda mlangoni akasimama pale, akasema kwa upole uleule, "Mwanangu, nimekueleza. Ukitoka, hurudi."

Nakumbuka vizuri kwamba nilikuwa na kalamu mkononi na kwamba swali la sita lilikuwa la sehemu. Nikamwangalia mama. Nilimpenda mama yangu, nilimwogopa, na nilijua kwamba alichokuwa anafanya pale dirishani kilikuwa ni kuniokoa. Lakini karatasi ile nayo ilikuwa maisha yangu, na hakuna mtu angeniletea nyingine. Nikavunja sheria.

"Mama, nani kasema?"

Alipepesa macho. Nadhani hakuna mtu katika nyumba yetu aliyewahi kumuuliza swali baada ya neno lile. Kisha akafanya jambo ambalo sikuwahi kumwona akifanya. Akageuka nyuma.

"Evaline," akauliza, "nani kasema?"

Mama Evaline alikuwa anahema, jasho linamtiririka. "Nani kasema nini?"

"Kwamba tuondoke. Mmesikia kwa nani?"

"Si wewe?"

"Mimi?"

"Verdiana, nyie mmepita pale kwangu alfajiri, wote, na mizigo. Mlango wazi. Moto hamna. Sijapewa hata salamu." Akajifuta jasho kwa kitenge. "Nikajua ndio hivyo. Nikamwamsha mwenzangu wa jirani, naye akamwamsha wake. Sasa unaniuliza mimi nani kasema?"

Mama alisimama pale na sufuria kichwani. Aliangalia umati ule mmoja mmoja, bibi kwenye toroli, kuku kwenye kapu, na nikaona inamwingia polepole kwamba kitu alichokuwa anakikimbia ni yeye mwenyewe. Alikuwa na miaka thelathini na sita. Kwa dakika ile alionekana kama ana kumi na miwili.

"Nilikuwa nasindikiza mtoto kwenye mtihani," akasema.

Waliokuwa karibu walisikia, lakini umati ulikuwa mrefu, na wa nyuma walikuwa bado wanafika. Baba alijaribu kuwaeleza. Hawakumwamini. Mtu mwenye kifurushi mgongoni anayekuambia hakuna kitu, utamwaminije? Mmoja akasema, "Wamekatazwa kusema." Kwenye dirisha la pili yule mama mwingine alikuwa ameshamshika bintiye mkono, anamvuta. Mwalimu Telesphor akaangalia saa yake, na nikajua kwamba dakika moja zaidi na darasa lote litatoka, na mimi pia nitatoka, kwa sababu watu wote wakitoka siwezi kubaki.

Mama hakupiga kelele wala hakuhutubia. Alishusha sufuria. Akaenda katikati ya uwanja, mahali kila mtu anapomwona, akatafuta mawe matatu akayapanga. Akachukua kuni kwenye rundo la shule bila kuomba. Akamimina maji ya kidumu cha Butoyi kwenye sufuria, akafungua kopo la dawa, akawasha kiberiti. Watu walikuwa wanamwangalia bila kuelewa. Kisha akafungua kifurushi changu.

"Verdiana," baba akasema, "hizo ni mbegu."

"Najua."

Akazimimina zote. Niliposikia zile punje zikigonga sufuria nilishika ukingo wa dirisha. Halafu akakaa chini kabisa, akanyoosha miguu mbele yake kwenye vumbi, kama mwanamke aliye uani kwake.

Kila mtu katika Katumba anajua maharage makavu yanaiva kwa muda gani. Saa tatu, kuni zikiwa nzuri. Anayekimbia hapiki maharage. Na hakuna mtu pale ambaye hakujua maana ya kupika mbegu mwezi wa tisa, mvua zikiwa bado, shamba halijapandwa. Mama Evaline alimtazama kwa muda mrefu. Akatua sufuria yake, akakaa karibu naye, naye akanyoosha miguu. Yule mama wa dirisha la pili akamwachia bintiye mkono.

"Kaeni," Mwalimu Telesphor akasema. Tukakaa. Baadaye wengine walisema alituongezea dakika kumi na tano kinyume cha sheria. Mimi sikuona saa.

Niliandika mtihani wa hesabu wa darasa la saba nikinusa mbegu zangu zikiiva. Swali la sita nilipata, nilihakikisha baadaye.

Wakati wa mapumziko akaja mtu kwa pikipiki, ametumwa na ofisi ya makazi kuuliza kwa nini kijiji kizima kimehama. Wazee wakatazamana. Mmoja wao akajibu bila kutikisika kwamba wamekuja kusindikiza watahiniwa, ndiyo desturi yao. Yule bwana akaangalia magodoro, akaangalia toroli. "Na huyu mbuzi?" akauliza. "Naye pia," mzee akasema. Akaandika kitu kwenye karatasi yake akaondoka.

Maharage yaliiva saa tano na kitu. Hayakutosha, bila shaka. Watu walikula punje tatu tatu wakishushia na maji, wakicheka kicheko cha watu walioponea chupuchupu. Mimi nilipewa kikombe kizima. Mama alikaa akinitazama nikila, akasema, "Ulifanya vizuri kuuliza." Hajawahi kunisifu kwa jambo gumu zaidi. Nilitaka kumkumbatia lakini watu walikuwa wengi, nikachota maharage nikampa, akala.

Jioni tulirudi nyumbani. Mbuzi wa Mama Evaline walikuwa wameingia ndani kwake wakamaliza unga wote, naye akawafukuza kwa mwiko akicheka na kulia. Bukuru akaniangalia. Safari hii sikumkanyaga mguu.

Mvua zilipokaribia, majirani walianza kuja mmoja mmoja, kila mtu na kikombe cha mbegu. Mekundu, meupe, ya madoadoa, ya njano. Hawakusema sana, waliweka mezani wakasalimia kwa kirefu na kuondoka. Mama alipokea kila kikombe kwa mikono miwili. Shamba letu mwaka ule lilikuwa na maharage ya kila rangi, na yeye mwenyewe akasema huku anapanda, bila kuniangalia, kwamba lile la kutopewa mbegu alilikosea.

Sikudanganyi kwamba alibadilika. Vifurushi vilibaki kwenye misumari, na mapacha waliendelea kulala na siafu mpaka walipofika darasa la sita. Ila baba alichimba mashimo matatu mbele ya nyumba mwezi wa kumi na mbili, akapanda michikichi yake, na hakuna aliyemkataza. Jioni moja nilimkuta mama anaimwagilia. Aliposikia nyayo zangu akasema maji ya kuoshea vyombo yalikuwa yamebaki.

Majibu yakatoka. Nilichaguliwa kwenda sekondari ya wasichana mkoani Tabora, kwa treni, kutoka Mpanda. Asubuhi ya safari nilikuwa na sanduku la bati, jipya, zawadi ya kijiji. Nilipolifungua kuweka daftari la mwisho nikakuta kifurushi kidogo chini kabisa: maharage ya rangi zote. Sikuyatoa.

Tukatoka wote watano, wananisindikiza mpaka barabarani nikangoje gari la kwenda mjini. Nilikuwa nimeshapita ile michikichi mitatu ya baba niliposikia kwamba nyayo za nyuma yangu zimesimama. Nikageuka. Mama alikuwa amesimama, mikono mitupu, hana kifurushi. Nikatazama, na baba naye hana, na mapacha hawana. Vyote vilikuwa vimebaki ukutani.

"Tangulieni," mama akasema. "Nimeacha mlango wazi."

Hatukutangulia. Baba alitua sanduku langu chini, na sote wanne tulisimama pale pale tukimtazama anavyorudi, kitenge chake cha kijani kikipita kati ya miti ile midogo. Alifika mlangoni. Alishika ubao kwa mikono yote miwili, akauvuta, ukagoma kwa sababu haukuwa umezoea, akauvuta tena mpaka ukafunga. Akasimama kidogo ameuwekea kiganja. Nilikuwa nimeng'ang'ania shati la baba, mtu wa miaka kumi na minne, mchana kweupe, mbele ya nyumba yetu wenyewe.

Kisha akageuka, akaja.